Stempu Iliyozikwa Ekerenyo

Persis Bochaberi hakuwa mtu wa kusamehe, na hakuna haja ya kumpamba leo kwa maneno matamu. Kanisani aliimba, sadaka alitoa, wagonjwa aliwapelekea uji. Lakini ukimkosea alikuweka moyoni, na humo ukakaa. Watu wa Ekerenyo walimjua, wakasema heri ugombane na nyuki. Na mtu aliyekaa moyoni mwake kuliko wote alikuwa shemeji yake Manasseh, mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa kanisa mwenye sauti nene na tabia ya kuombea chakula cha watu mpaka kikapoa.

Persis alizaliwa Kiogoro, karibu na mji wa Kisii, akaolewa Ekerenyo na kijana mpole aliyeitwa Alfayo, mwalimu wa Biblia aliyesomea kwa wamisheni Wasabato kilimani Nyanchwa. Vita vya Bama, huko Asia, vilipopamba moto, jeshi la Keya la Waingereza lilitafuta wahubiri wa kuwafariji askari Waafrika, na Alfayo akaenda. Bunduki hakushika. Alishika Biblia, akavaa koti la jeshi lenye msalaba mdogo kwenye ukosi, akamwacha mkewe na mimba ya miezi michache. Huko Bama aliuawa akimvuta majeruhi kutoka kwenye matope. Hivyo ndivyo familia ilivyoambiwa. Mwili haukurudi. Kilichorudi ni koti lake la akiba, na picha moja ambamo alikuwa amesimama wima, akikaribia kutabasamu.

Matanga hayajapoa, Manasseh akaja na fimbo yake, akaiegemeza mlangoni kwa Persis. Kila Mgusii anaelewa maana ya fimbo ya mwanamume mlangoni kwa mjane: amekuja kumrithi. Mila ilimpa mjane nafasi ya kuchagua ni ndugu yupi wa mumewe atakayeitunza nyumba hiyo, lakini Manasseh hakuwa na subira ya kuchaguliwa. Persis aliichukua ile fimbo kwa vidole viwili, akazunguka nayo nyuma ya nyumba, akaitupa kwenye mavi ya ng'ombe. Kuanzia siku hiyo vita vya Bama vikahamia Ekerenyo.

Kwanza Manasseh alichukua koti la ndugu yake, akasema wanawake hawavai koti. Halafu akachukua shamba la bondeni, lile lenye udongo mweusi ambapo Alfayo alitaka kujenga nyumba ya mabati. Akasema, "Mwenye shamba ako na kaburi. Kaburi ya Alfayo iko wapi?" Na kweli, kwao kaburi ndilo ushahidi: mahali wako walipolala ndipo kwako. Persis akataka kufanya walivyofanya wazee wa zamani mtu alipopotelea mbali, yaani kuzika mgomba badala ya mwili, ili Alfayo apate mahali. Manasseh akasimama kanisani, akanyoosha Biblia juu.

"Tutazikaje mgomba, sisi watu wa Mungu?"

Kanisa zima likaguna kukubali. Persis aliketi kwenye benchi la akina mama, mtoto wake Nyanchera mapajani, akatazama chini. Alisali pale pale, na sala yake ilikuwa fupi: Bwana, huyu usimguse. Niachie mimi.

Miaka ikapita, uhuru ukaja, na wakulima wadogo wakaruhusiwa kupanda chai. Manasseh akalijaza bonde lote michai. Ilimpendeza kuchuma asubuhi wakati Persis akipita na kikapu chake cha ndizi kwenda sokoni, na alipomwona aliongeza sauti ya wimbo wa tenzi. Persis alimwamkia kwa adabu zote, "Umeamkaje, baba Ondieki?" kwa kuwa kifungua mimba wa Manasseh aliitwa Ondieki. Kisha akapita zake, akiihesabu michai mstari kwa mstari.

Mwaka wa sabini ndipo habari za stempu zilipofika. Nchi moja ya ng'ambo, ambayo vijana wake nao walikufa Bama, iliamua kutoa stempu za kuwaenzi wahubiri wa jeshi waliouawa vitani. Wengi walikuwa Wazungu, lakini walitaka pia Mwafrika mmoja, na wamisheni walipoulizwa wakamtaja Alfayo. Pasta Nyamongo wa Nyanchwa, mtu mwema ambaye hakuwahi kumwona Alfayo kwa macho, akatuma mjumbe kwa mzee wa kanisa la Ekerenyo: itafutwe picha. Na mzee wa kanisa, unajua ni nani.

Manasseh alikuja kwa Persis akiwa mpole siku hiyo. "Shemeji, toa hiyo picha ya mzee. Inaenda mbali. Dunia mzima itamwona."

Picha ilikuwa ukutani, juu ya kitanda. Persis alisita, kwani hakuwa na nyingine. Lakini alifikiria Alfayo akizunguka duniani kwenye barua za watu, yeye ambaye hata kaburi alinyimwa, moyo ukalainika. Akaifuta vumbi kwa leso, akampa.

Picha hiyo haikwenda mbali. Ilikwenda hadi kwenye sanduku la Manasseh. Yeye alivaa koti la marehemu, akapanda basi mpaka Kisii, akaingia kwa mpiga picha, akavuta pumzi kifua kikajaa, akapigwa. Picha hiyo mpya ndiyo aliyompelekea Pasta Nyamongo.

Usimwone mjinga kupita kiasi. Manasseh alikuwa na hesabu zake. Stempu zenye watu alizozijua yeye zilikuwa za mfalme, halafu za malkia, halafu za mkuu wetu wa nchi baada ya uhuru, na wote waliwekwa humo wakiwa hai, wenye nguvu, wenye nchi yao. Maiti kwenye bahasha hakuwahi kuiona. Akaona kwamba Wazungu wanataka kuipa heshima nyumba ya Alfayo, na kwa kuwa Alfayo hayupo, heshima itakaa kwenye kichwa cha aliyebaki. Uso wa ndugu ni uso wa ndugu, tumbo ni moja. Akaanza kujitapa sokoni Ekerenyo, akiegemea mkokoteni wa mwuza chumvi. "Mtaniona kwa barua. Mkitaka kutuma barua, lazima mniweke."

Stempu zikaja. Pasta Nyamongo alizileta mwenyewe siku ya Sabato, zimetiwa kwenye fremu ya kioo, na kanisa likafurika. Manasseh aliketi mbele, amekata ndevu, shingo imenyooka. Pasta akaeleza kwa kirefu juu ya wahubiri wa jeshi, jinsi walivyokwenda vitani bila silaha, wakafa wakiwashika wengine mikono. Akina mama wakafuta macho. Kisha akaita, "Mama Nyanchera, njoo umwone mzee wako."

Persis alitembea mpaka mbele. Alikuwa amengoja siku hiyo kama msichana, hata kilemba kilikuwa kipya. Akainamia kioo. Wahubiri walikuwa kadhaa, kila mmoja na stempu yake, na wa mwisho alikuwa Mwafrika aliyevaa koti la Alfayo. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika ndewe.

Alfayo hakuwahi kutoga masikio. Aliyetogwa akiwa mdogo, akachanwa ndewe kwa kupigana machungani, alikuwa Manasseh.

Damu ilimpanda Persis kichwani. Alifungua kinywa ili apige yowe litakalosikika hadi Nyamira. Na angelipiga, hadithi ingeishia hapo: Manasseh angeona haya wiki moja, angeomba radhi kwa sauti yake nene, kanisa lingemsamehe, na bonde lingebaki lake. Lakini Pasta alikuwa ameshika fremu akiwasomea watu yaliyoandikwa chini ya picha. "Jina lake hili hapa. Na miaka: alizaliwa mwaka wa kumi na nne, akafa mwaka wa arobaini na nne."

Persis aligeuka kumtazama shemeji yake. Manasseh alikuwa amekauka. Neno "akafa" lilikuwa limempata mahali ambapo hakulitarajia. Hapo ndipo Persis alipoelewa kwamba sala yake imejibiwa. Akafunga kinywa, akakifungua tena polepole.

"Ndiye," akasema. "Ndiye mume wangu."

Wazee waliomjua Alfayo walitazamana. Hakuna aliyesema neno. Manasseh alikuwa amewasumbua wengi mle ndani, na mtu akimwona jirani wa namna hiyo ananing'inia hana haraka ya kuleta ngazi.

"Pasta," Persis akaendelea, "huyu mtu hakuzikwa. Nilitaka kuzika mgomba, kanisa ikakataa, na ilikuwa haki. Leo si mgomba. Ni yeye mwenyewe, uso yake. Naomba nimzike kwa shamba yake ya bondeni, pale alitaka kujenga."

Manasseh aliinuka kama aliyekalia siafu. "Pasta, hapana! Kanisa yetu haiziki makaratasi!"

"Kwani hii ni karatasi, baba Ondieki?" Persis akamwuliza kwa upole ambao ungemtoa nyoka pangoni. "Angalia vizuri. Ama unasema huyu si ndugu yako? Kama ni mtu mwingine, sema ni nani. Pasta yuko hapa."

Manasseh aliangalia stempu, akaangalia Pasta, akaangalia watoto wake waliokuwa wamekaa mstari mmoja. Kisha akaketi.

"Mnafanana kweli, mzee," Pasta Nyamongo alimwambia kwa huruma, akidhani ni majonzi. "Hata sikio."

Kikohozi kikazuka kanisani, kikaruka kutoka benchi hadi benchi, kikawashika hata waliokuwa na afya nzuri kabisa. Pasta alikubali mazishi yafanyike Jumapili ya wiki iliyofuata. Hakujua kwamba wiki hiyo hiyo kamati ya kugawa mashamba, iliyokuwa ikipima mlima baada ya mlima, ingefika kwenye bonde lao. Persis alijua.

Jumamosi jioni, jua likizama na Sabato ikiisha, Manasseh aliingia jikoni kwa Persis bila kubisha. Persis alikuwa anasonga ugali. Hakumkaribisha kiti. Manasseh akatoa mfukoni ile picha, akaishika mbali kidogo na mkono wa Persis.

Persis aliacha kusonga. Yule pale Alfayo, amesimama wima, akikaribia kutabasamu.

"Chukua," Manasseh akasema. "Kesho mwambie Pasta umebadilisha nia, hutaki mazishi. Mimi nitamwona polepole, nitamweleza kulikuwa makosa ya picha, watapiga ingine. Huyu atakuwa kwa stempu, vile ulitaka. Lakini bonde tuache vile iko."

"Na kamati ikikuja?"

"Bonde ni yangu, mama Nyanchera. Nimeipanda. Wewe chukua bwana yako."

Hapo ndipo palipokuwa na mambo yote. Mkono mmoja ulikuwa na uso wa mume aliyempenda. Mwingine ulikuwa na udongo wa mume huyo, na fimbo mlangoni, na wimbo wa kila asubuhi, na mgomba uliokataliwa. Mtu mwingine angelia, angesita, angeomba siku ya kufikiri. Persis alimtazama Manasseh usoni na akasikia utamu uliomtisha hata yeye mwenyewe.

"Kesho tunakuzika," akamwambia. "Kuja mapema."

Manasseh aliitupa picha motoni. Ilijikunja, ikashika kwenye kona, ikawaka. Persis hakuinuka kuiokoa, na angeweza. Moto haukuwa mkubwa. Angeinuka, Manasseh angejua mahali pa kumshika. Alisimama na mwiko wake mpaka kila kitu kikawa jivu jeusi, kisha akaendelea kusonga ugali. Manasseh ndiye aliyetoka akikimbia.

Jumapili bonde lilijaa watu kuliko arusi. Fundi alikuwa ametengeneza kijisanduku cha mbao, na ndani yake, juu ya kitambaa cheupe, stempu ikalazwa chali. Michai iling'olewa kiasi cha kutosha kaburi la mtu mzima, kwani Persis alikataa katakata kaburi dogo. Nyimbo zikaimbwa. Persis aliomboleza kwa sauti ya kupasua mawingu, akajishika kichwa, akajitupa chini, akayataja mema yote ya marehemu. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

Kisha Pasta akaita ndugu wa karibu aanze kutupa udongo. Watu wakampisha Manasseh njia. Akaja akiburuta miguu. Chini ya shimo, kwenye kijisanduku ambacho Persis alitaka kiachwe wazi, uso wake mwenyewe ulimtazama ukiwa na kifua kilichojaa pumzi.

"Tupa, baba Ondieki," Persis alisema kati ya kilio na kilio. "Usiogope. Ni wako."

Akatupa. Wanawake waliokuwa nyuma waliuma leso zao ili kicheko kisitoke, na mmoja ilibidi apelekwe migombani, ikasemekana kwamba majonzi yamemzidi.

Kamati ilipofika siku chache baadaye, mwenyekiti wake mzee Ongeri alisimama kando ya kaburi na kuuliza ni la nani. Wakamwambia ni la Alfayo, aliyefia Bama, aliyezikwa na Pasta mwenyewe. Akauliza kama kuna mtu ana neno. Macho yote yakamgeukia Manasseh. Ili apate bonde alitakiwa aseme mbele ya watu kwamba aliyezikwa pale ni yeye.

"Sina neno," akasema.

Bonde likaandikwa kwa nyumba ya Alfayo, pamoja na michai yake yote. Persis alichuma majani ya kwanza kwa mkono wake, akiimba ule ule wimbo wa tenzi, na aliposahau ubeti alirudia ule wa kwanza kwa nguvu zaidi.

Baada ya hapo Manasseh hakupata tena amani. Aliacha uzee wa kanisa, akisema mgongo unamsumbua. Watoto sokoni walinong'ona "marehemu anapita". Persis hakunong'ona. Kila walipokutana njiani alisimama, akatabasamu, akamwamkia kwa sauti ya kusikika: "Marehemu, umeamkaje?" Alifanya hivyo mvua ikinyesha na jua likiwaka, mwaka hadi mwaka. Nyanchera, ambaye sasa alikuwa mwanamke aliyeolewa, alimwomba, "Mama, si inatosha?" Persis akamjibu kwamba chakula kitamu hakimchoshi aliyelala njaa.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia Nyanchera wala mtu yeyote. Uso wa Alfayo ulikuwa umeanza kumtoka. Kwanza zilipotea nyusi, halafu kidevu. Alipofumba macho ili amwite, alikuja mtu mwenye koti la jeshi, kifua kimejaa pumzi, sikio limechanika. Alimfukuza, akaita tena, akaja yule yule. Alipoona hivyo alimchukia Manasseh upya, na asubuhi iliyofuata salamu ya marehemu ilikuwa na makali zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini Manasseh akaugua, akakonda, akafa kweli. Persis alivaa kilemba chake kizuri kuliko vyote, akaenda matangani kwa hatua za mtu anayekwenda kupokea zawadi. Mjane wa Manasseh, Jemimah, alimlaki akimtegemea amshike mkono walie pamoja, kama desturi ya wake wa boma moja.

"Mimi sitalia," Persis alimwambia mbele ya watu. "Huyu nilishamlilia. Machozi yake yaliisha zamani."

Watu wakashusha macho. Persis akapita katikati yao mpaka kwenye jeneza. Alitaka kumwona amelala, ahakikishe, ashibe. Akainama.

Ugonjwa ulikuwa umekula ile nyama yote ya mashavu, na kifua hakikuwa na pumzi ya kujitapia. Mauti yalikuwa yamelainisha paji la uso. Kichwa kilikuwa kimegeukia upande wa kushoto kidogo, sikio limezama kwenye shuka. Midomo ilikuwa imebaki wazi kidogo pembeni, kama ya mtu anayekaribia kutabasamu. Persis alizitambua nyusi. Akakitambua kidevu.

Sauti iliyomtoka haikuwa ile ya bondeni. Ilikuwa ndogo, ya mwanamke mwenye mimba ambaye ndiyo kwanza ameletewa habari. Machozi yakamwagika juu ya shuka, juu ya mbao, juu ya mikono ya wanawake waliomkimbilia wamshike. Jemimah naye akamkumbatia. Nyuma yao watu wakaanza kumshukuru Mungu kwa sauti, wakisema mama Nyanchera hatimaye amemsamehe shemeji yake.

Hakuwa amemsamehe hata kidogo. Wanaume walipokuja kufunga jeneza alikishika kifuniko kwa mikono yote miwili, akiwaomba wangoje, wangoje kidogo tu, bado anamtazama mume wake.